Kapera wa Langley Park

Simu nyingi ninazopigiwa tangu nistaafu ni za vijana waliopokea mshahara wao wa kwanza. Wanasema, "Shikamoo mama, wameniibia," kwa pumzi moja, na kabla sijaitika marahaba picha imeshaingia kwenye simu yangu. Picha yenyewe huwa imekatwa kwa ustadi mkubwa. Inaonyesha kiasi kilichobaki na kidole gumba cha mwenye simu, lakini ile sehemu ninayoihitaji haimo. Basi namwambia kijana apige tena, safari hii ukurasa wote, kuanzia jina lake juu hadi mstari wa mwisho. Nami nabandika maji ya chai, maana najua mazungumzo hayo hayaishi upesi.

Nilikaa katika ofisi ya mishahara kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya Marekani. Kampuni yetu ilikuwa Rockville, jimbo la Maryland, ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro, na kazi yake ilikuwa kupeleka wahudumu kwenye nyumba za wazee na wagonjwa. Wahudumu wengi walikuwa watu wetu: Wakenya wa Kitale na Kisii, Watanzania wa kila upande, Wakongo wanaosema "bonjour" na "habari" katika sentensi moja. Kwa kuwa ni mimi peke yangu niliyeongea Kiswahili mle ndani, waliniletea kila kitu. Kuna dada aliwahi kuniletea jino lake ndani ya leso aniulize kama bima italilipia. Nikamwambia mimi ni wa mishahara tu. Akasema, "Najua, lakini wewe utanisikiliza."

Leo nataka kuwaeleza jambo moja, lile linalowaleta wengi kwangu wakiwa wamenuna.

Chukua kitambaa chako, kipeleke kwa fundi cherehani, kisha kiache mezani uondoke bila kupimwa. Fundi hana ubaya na wewe. Ana kazi nyingi, kwa hiyo atakushonea kwa kipimo chake cha siku zote. Ofisi ya mishahara iko hivyo hivyo. Siku ya kuanza kazi unapewa fomu inayoitwa W-4. Humo unaeleza kama umeoa au umeolewa, kama una watoto wadogo, na kama mwenzako naye anafanya kazi. Usipoirudisha, au ukiirudisha na kasoro, au ukisahau kusaini, sheria inatuambia tukukate kodi kama mtu ambaye hana mwenzi wala mtoto. Ni kipimo cha wote wasiojieleza. Binamu yangu aliyeko Uingereza ananiambia kwao pia kuna kitu cha namna hiyo, wanakiita msimbo wa dharura, na watu wa huko nao humpigia simu bila salamu.

Utajuaje kwamba umeshonewa kwa kipimo hicho? Juu ya slipu ya mshahara, karibu na jina lako, tafuta maandishi madogo kuliko yote. Hapo pana neno Single, yaani hajaoa, au neno Married, yaani ameoa, au wakati mwingine herufi S au M tu. Hilo ndilo neno linaloamua ukubwa wa mkasi kwenye mstari wa kodi ya serikali kuu. Mistari ya Social Security na Medicare, ile ya pensheni na matibabu ya uzeeni, msiisumbue. Hiyo hukatwa vilevile, uwe na mke au uwe mtawa. Kodi ya jimbo ina fomu yake nyingine, na hiyo nayo ukiiacha, watu wa jimbo wana kipimo chao.

Aliyenifundisha kazi ni Bi Loretta, mama wa Kimarekani aliyezaliwa na kukulia kaskazini-mashariki mwa mji mkuu. Alikuwa na jozi mbili za miwani, moja puani na nyingine kichwani, na kila asubuhi alikuwa akiitafuta ya tatu. Wiki yangu ya kwanza aliingia mwanamume mkubwa mwenye hasira, ameshika bahasha kama mtu anayeshika panya kwa mkia. Mimi nilitaka kumweleza kwamba amejaza vibaya. Bi Loretta akanitangulia, akavuta kiti kwa ajili ya mgeni, akasema, "Hebu tuone mashine inadhani wewe ni nani." Basi. Hakumwambia amekosea. Hasira ilipungua palepale, kwa sababu sasa wao wawili walikuwa upande mmoja na mashine ilikuwa upande wa pili. Sentensi hiyo niliitumia mpaka siku niliyokabidhi funguo, na hata ninyi wa kwenye simu ninawaambia hiyohiyo, ingawa hamjui ilikotoka.

Enzi hizo slipu ilikuwa karatasi ndani ya bahasha yenye kidirisha, na fomu ilikuwa na namba ya nafuu unazodai: sifuri, moja, mbili na kuendelea, na kadiri namba ilivyopanda ndivyo ulivyokatwa kidogo. Watu walipeana namba hizo kama wanavyopeana dawa ya kikohozi. Weka tisa, mimi niliweka tisa na niko salama. Mwenye tisa alitembea kifua mbele mwaka mzima, na ilipofika Aprili, wakati wa kufanya hesabu na serikali, akawa anatembea taratibu sana. Siku hizi namba hizo hazipo. Fomu inauliza mambo waziwazi na slipu iko kwenye simu. Lakini dawa ya kikohozi bado inagawiwa, hasa kwenye chai baada ya ibada.

Na msidhani kosa huwa kwenye ndoa tu. Kulikuwa na binti wa Tanga, Zuhura, aliyepanga Langley Park na kufanya kazi hapahapa Maryland. Alipoajiriwa aliandika anwani ya mjomba wake aliyeko Virginia, maana kisanduku cha barua cha jengo lao kilikuwa kimevunjwa na kwa desturi yetu anwani ya mjomba ndiyo anwani. Mashine ikaamini anaishi Virginia, ikawa inapeleka kodi yake Virginia. Maryland haikupata kitu, na siku moja ingeuliza. Zaidi ya hapo, barua zake zote alizifungua mjomba, akawa anampigia kila mwisho wa mwezi kumshauri apunguze kununua viatu. Tulipobadilisha anwani, nafikiri aliyeumia zaidi ni mjomba.

Lakini aliyenifundisha zaidi ya wote ni Barasa.

Barasa alitoka Kitale. Alikuwa mhudumu wetu, mtu wa miraba minne mwenye sauti ya chini, na wazee aliowahudumia walimpenda kwa sababu aliwabeba kama anabeba mayai. Aliajiriwa wakati mkewe Nekesa na watoto wao wawili wangali Kenya wakisubiri makaratasi. Fomu yake ya W-4 ilifika mezani kwangu ikiwa nene. Pale kwenye sehemu ya wanaokutegemea, nafasi haikumtosha, kwa hiyo alibana karatasi nyingine kwa pini. Alikuwa ameandika mama yake, dada wawili wa mama yake, watoto wa marehemu kaka yake, mzee mmoja jirani asiye na mtu, na kijana anayechunga ng'ombe.

Nilimpigia simu nikamuuliza huyo wa ng'ombe ni mtegemezi kwa namna gani.

"Mimi ndio namlipa, Mama Tumaini," akasema. "Nisipotuma, ng'ombe zitaenda wapi?"

Nilimwelewa kabisa, na hapa ndipo watu wetu hukosea mahali ambapo Mmarekani hawezi kukosea hata akijaribu. Sisi tukiulizwa nani anakutegemea, tunajibu ukweli. Fomu haiulizi ukweli huo. Inauliza wale ambao sheria ya hapa inawatambua, na watu walioko Kitale haiwatambui, hata kama wanakula kwa jasho lako. Nilimweleza hayo taratibu, nikamrudishia fomu yake na nyingine tupu, nikambandikia karatasi ya njano: ondoa walioko nyumbani, saini, rudisha. Nikamweleza pia kwamba asipoirudisha, mashine itamchukua kama hajaoa.

Barasa alinishukuru sana. Kisha akaiweka fomu ndani ya Biblia yake, na humo ikakaa. Nilimkumbusha mara kadhaa. Kila mara alisema, "Naileta, mama," kwa heshima zote. Akaendelea kukatwa kama kapera, na kwa kuwa wakati huo aliishi peke yake, hakuona tofauti.

Nekesa na watoto walifika, wakahamia naye kwenye chumba na sebule pale Langley Park, karibu na barabara iliyochimbwa kwa ajili ya treni mpya. Mambo yalikuwa mazuri mpaka Nekesa alipopata rafiki kanisani ambaye mumewe alifanya kazi kwenye kampuni yetu, saa zilezile, malipo yaleyale kwa saa. Wakiwa jikoni wanapanga vikombe, rafiki akataja kinachoingia kwao. Nekesa akapiga hesabu. Kinachoingia kwake kilikuwa pungufu, na si kidogo.

Jioni hiyo alimwomba mumewe slipu. Barasa hakuwa na la kuficha. Akafungua simu, akampa binti yao mkubwa awasomee, kwa kuwa mtoto ndiye aliyezoea hizo programu. Mtoto akasoma jina la baba, akasoma anwani, kisha akasema kwa Kiingereza chake kipya cha shule kwamba hapa inaonekana baba ni Single.

Haya yote Barasa alinisimulia mwenyewe alipokuja Rockville. Aliketi kwenye kile kiti cha Bi Loretta, ambaye wakati huo alikuwa ameshastaafu, na kwa mara ya kwanza niliona koti linampwaya.

"Hakupiga kelele," akaniambia. "Angepiga kelele ningejua pa kuanzia. Ameamua kama mimi ni bachela, basi niishi kama bachela. Anapika ya watu watatu. Nguo zangu anaziruka akifua kwa mashine. Na ananiita Kaka Barasa. Mama, jana ameniuliza kama nimepata mchumba."

Niliuma mdomo. Mkiwa kazini kuna kucheka ambako lazima kusubiri. Nikamuuliza chakula anakula wapi. Akasema anakula mkate, na mzee anayemhudumia huko Bethesda ameanza kumwachia nusu ya supu.

Kilichomleta hakikuwa supu. Dada yake Nekesa yuko Minnesota, na alikuwa ameshawatengea chumba. Shule zikifungwa, Nekesa angewachukua watoto waende, na hakusema kama ni likizo. Kabla ya hapo alikuwa amekubali kikao kimoja tu, mbele ya mzee wa chama chao cha watu wa nyumbani, Jumamosi inayofuata. Barasa alitaka nimwandikie barua yenye mhuri wa kampuni inayosema kwamba yeye ameoa.

Nikamwambia ofisi ya mishahara haiwezi kuthibitisha ndoa ya mtu. Tunachojua sisi ni kile alichojaza, na yeye hakujaza. "Fomu unayo," nikasema. "Ijaze hapa sasa hivi, mshahara ujao au unaofuata neno litabadilika."

Akatazama mikono yake. "Ile inataka nimwache mama nje," akasema.

Nilijaribu mfano wa fundi cherehani. Nikasema kipimo cha kiuno hakimwambii fundi unampenda nani. Aliitikia kwa kichwa kwa adabu, kama mtu anayekubaliana nawe lakini hasogei. Mwisho akaniomba nije kwenye kikao, si kama ofisi, bali kama dada. Mambo ya mfanyakazi hayatoki nje ya ofisi, na hilo nawasihi mlishike kama mtafanya kazi hii, kwa hiyo nilimwambia nitakuja, lakini nitafungua mdomo pale tu atakaponiruhusu yeye mwenyewe, watu wakisikia. Nikatia fomu tupu kadhaa kwenye mkoba. Wengine hutembea na pipi.

Kikao kilikuwa asubuhi, sebuleni kwao. Mzee Wafula, dereva wa basi la shule, aliketi kwenye kochi la kati na mkewe Mama Roselyne, ambaye ni muuguzi na alikuwa ametoka zamu, viatu vyeupe bado miguuni. Nekesa alikuwa mwanamke mwembamba mwenye macho yasiyohama. Aliwamiminia chai wote, na alipofika kwa mumewe akasema, "Karibu, Kaka Barasa," akaweka birika chini ili ajimiminie.

Mzee Wafula akaomba, kisha akahutubia. Alizungumza kwa kirefu juu ya wanaume wanaovuka bahari na kusahau pete zao uwanja wa ndege. Alisema ameona mengi katika nchi hii. Alimtazama Barasa kwa huzuni, kama mtu ambaye tayari ameshamsamehe. Nilipoomba nafasi nikaanza kwa kuwashukuru wenyeji, kuwapa pole waliosafiri, na kuulizia hali ya watoto, akanikatiza.

"Dada wa Tanzania, mnazunguka sana nyinyi. Tungekuwa tumefika."

"Nafika, mzee," nikasema, na nikamwomba Barasa ruhusa. Akaitoa kwa sauti. Ndipo nikaeleza: fomu ilirudishwa, haikujazwa upya, na sheria ikamweka alikomweka. Hakuna mahali ambapo mtu huyu alisema hajaoa. Na hakuna mwanamke mwingine anayekula hizo pesa. Anayezila ni serikali, na hata hiyo si kwa kudumu, kwa kuwa kilichokatwa zaidi hurudishwa mtu anapofanya ritani, zile hesabu za kodi za mwaka.

Mzee Wafula hakuridhika. Akasema mashine ya Wazungu haiwezi kumwita mtu kapera hivi hivi, lazima kuna alichosema.

Nikamshauri, kwa upole wote wa kwetu, kwamba labda atazame slipu yake mwenyewe, ili tulinganishe.

"Yangu iko sawa," akasema, na kwa kuthibitisha akaifungua kwenye simu. Lakini miwani alikuwa ameiacha garini, kwa hiyo akampa mkewe asome.

Mama Roselyne akasoma. Akasogeza simu mbali kidogo, akasoma tena.

"Wafula."

"Naam."

"Na wewe hujaoa."

Barasa akapaliwa na chai. Mzee alijaribu kuichukua simu ikagoma kutoka mkononi mwa mkewe. Ikabidi aeleze. Yeye, akasema, alichagua hivyo kwa makusudi, zamani sana, kwa ushauri wa jamaa fulani, ili akatwe zaidi na kila mwaka serikali imrudishie kwa mkupuo. Ni kama kibubu. Ni akiba ya mtu mwenye busara.

"Zile zinazokuja kila mwaka?" Mama Roselyne akauliza. "Zile uliniambia Mungu ametukumbuka?"

"Mungu ana njia nyingi," akasema mzee.

"Ndizo zilijenga posho mill ya kusaga mahindi huko kwenu?"

Mzee akasema hayo watayazungumza nyumbani. Nami niliona nimsaidie, kwa sababu hakuvunja sheria yoyote. Mtu aliyeoa anaruhusiwa kuchagua kipimo cha Single akitaka akatwe zaidi. Wengi hufanya hivyo. Tofauti ni kwamba Mzee Wafula alichagua, na Barasa alichaguliwa. Kuanzia hapo mzee hakuhutubia tena.

Nilidhani tumemaliza. Mama Roselyne alikuwa anacheka sasa, hata watoto walichungulia kutoka chumbani. Nekesa peke yake hakucheka.

"Mashine nimeielewa, Mama Tumaini," akasema. "Asante. Barasa ndiye sijaelewa. Fomu alipewa. Akaambiwa asipojaza ataandikwa nini. Kwa nini hakujaza?"

Swali lilikuwa halali, na kulijibu haikuwa kazi yangu. Barasa alizungusha kikombe mezani. Akasema kwamba mama yake alimsomesha kwa kuuza maziwa. Kwamba hajawahi kujaza karatasi yoyote duniani inayouliza watu wake bila kuanza na yeye. Na alipoambiwa amtoe, mkono ulikataa.

"Ingekuwa ni kama nimemkana kwa maandishi," akasema.

"Kwa hiyo ili usimkane mama," Nekesa akasema, "ukanikana mimi na watoto."

Hapo nilielewa kwamba mfano wangu wa fundi cherehani ulikuwa haujagusa hata ukingo wa jambo.

Nekesa akachukua simu yake, akampigia mama mkwe. Huko kwao ilikuwa jioni, na mama alionekana kwenye kioo nusu uso, kama wanavyoonekana mama zetu wote kwenye simu, paji la uso na kitambaa. Nekesa alimsalimia kwa heshima ndefu, akamuulizia mguu, akamuulizia ng'ombe. Kisha akamweleza kwamba mtoto wake amekataa kujaza karatasi ya kodi ya Amerika kwa sababu anataka jina la mama liwemo.

Paji la uso likakunjamana.

"Jina langu liko kwa watu wa kodi?"

"Nililiandika mwanzo, mama," Barasa akasema. "Wakalirudisha. Lakini mimi bado—"

"Barasa. Kodi ya Amerika?"

"Ndio, mama. Kwa heshima."

"Heshima gani? Wakikuja hapa kuhesabu ng'ombe nitawaambia nini? Nitoe huko. Na dada zangu uliwaweka?"

"Ndio, mama. Wote wawili."

"Watoe wote," mama akasema. "Leo. Kabla hujala. Nekesa, simama hapo uone akitoa." Kisha akauliza kama watoto wanavaa sweta, na simu ikakatika.

Mnajua, nimeshuhudia watu wengi wakijaza W-4, lakini sijamwona aliyejaza haraka vile. Nilitoa fomu moja kwenye mkoba. Barasa akaandika jina lake, akatia alama pale pa waliooa na wanaofanya hesabu za kodi pamoja, akajaza watoto wawili kwenye sehemu yao, akasaini na kuandika tarehe. Mkewe hakuwa ameanza kazi, kwa hiyo ile sehemu ya mwenzi anayefanya kazi tuliiacha. Siku atakapoanza, nikawaambia, mnajaza mpya, msingoje kuulizwa. Na ninyi mnaosoma, hilo ni lenu pia: ukioa, ukizaa, mwenzako akipata kazi, fomu ibadilike. Halafu tazama slipu baada ya mwezi hivi, usitazame kesho yake ukapiga simu.

Nekesa akavuta fomu upande wake, akaichunguza mbele na nyuma.

"Mimi nasaini wapi?"

Nikamwambia mke hasaini. Ni fomu ya mfanyakazi peke yake.

"Inasema ameoa, na aliyeolewa hasaini?" Kabla sijanyoosha mkono, alikuwa ameshachukua kalamu, na pembeni, kwa mwandiko mzuri wa mwalimu, akaandika: Mke wake ni mimi, Nekesa, na watoto ni hawa wawili.

Ilinibidi nimweleze, na ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizofanya siku hiyo. Sheria inasema fomu ikiongezwa kitu ambacho hakikuulizwa, inakuwa batili. Kwa maneno hayo aliyoandika, mumewe angerudi kuwa kapera. Mama Roselyne akaangua kicheko mpaka akavua miwani yake. Mzee Wafula akatazama dari.

Nekesa hakutaka kuifuta wala kuichana. Akafikiri, akaniomba fomu nyingine tupu, akamsukumia mumewe. "Andika tena ile safi, ya ofisi," akasema. "Hii ni yangu." Akainuka na kuibandika kwenye mlango wa friji kwa sumaku. Wa Minnesota alipigiwa simu siku ileile. Sikusikia walichosema, ila nilisikia neno "likizo".

Ile safi niliipeleka Rockville Jumatatu, nikaiingiza mwenyewe kwenye mashine, nikahakikisha mara mbili. Zilipita wiki chache. Siku ya mshahara, kabla sijavua koti, simu ya mezani ikalia. Alikuwa Nekesa. Mtoto alikuwa amemfungulia slipu, na hii ya sasa alikuwa ameisoma mwenyewe, kuanzia juu.

"Mama Tumaini, nimeona. Imeandikwa ameoa."

Nikamwambia nimefurahi sana kusikia hivyo.

"Lakini mbona," akasema, "hawajaandika amemwoa nani?"